Nani Ailinde Nyumba? Mashindano ya Wamarekani juu ya Bunduki

Mara kwa mara twapata habari kutoka Marekani kwamba mtu ameingia na bunduki katika shule, sokoni, au hata kanisani, akaua watu wasio na kosa. Kila mara habari ya namna hiyo inapofika, watu huulizana swali lile lile: “Nchi yenye utajiri na elimu kama ile, kwa nini haiwanyang’anyi watu bunduki, mambo yakaisha?” Swali hilo ni la haki, lakini wanaouliza hudhani kwamba jibu lake ni jepesi. Sivyo. Wamarekani wenyewe hushindana juu ya jambo hilo tangu miaka mingi, katika mabaraza yao, katika mahakama, katika makanisa, na hata mezani wanapokula. Leo twataka kuyaeleza mashindano hayo kwa utaratibu, tukiupa kila upande haki yake. Maana mtu asiyeijua hoja ya mwenzake hawezi kusema kwamba ameishinda.

Watu wawili, hofu moja

Tuanze na watu wawili ambao majina yao yamejulikana sana katika habari hii.

Wa kwanza ni mzee Otis McDonald. Alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Louisiana, wa jamaa ya wakulima maskini waliolima mashamba ya wengine. Alipokuwa kijana wa miaka 17 alihamia mji wa Chicago, akafanya kazi miaka mingi katika chuo kikuu, akanunua nyumba, akalea watoto. Lakini kadiri alivyozeeka, mtaa wake uliharibika. Wezi walivunja nyumba yake mara kadhaa, na magenge ya vijana wauza madawa ya kulevya yalitawala njia. Mzee alikuwa na bunduki za kuwindia, lakini alitaka bastola, kwa sababu mtu mzee huishika kwa wepesi zaidi usiku chumbani mwake. Sheria ya Chicago ya mwaka 1982 iliwazuia wenyeji kujipatia bastola. Basi mzee McDonald na wenzake wakaishtaki serikali ya mji. Naye aliikumbuka pia historia ya watu wake. Mwaka 1865, mara tu baada ya vita vilivyokomesha utumwa, jimbo la Mississippi lilitunga sheria ya kuwakataza watu weusi waliopata uhuru wasiwe na bunduki pasipo ruhusa, hata wakakosa njia ya kujilinda mbele ya watesi wao. Kwa mzee wa namna hii, kunyimwa silaha hakumletei usalama, kwamkumbusha kuonewa.

Wa pili ni mama Carolyn McCarthy, muuguzi wa Long Island, karibu na mji wa New York. Jioni ya tarehe 7 Desemba 1993, mtu mmoja alisimama na bastola ndani ya gari la moshi lililojaa watu waliokuwa wakirudi kutoka kazini, akaanza kuwapiga risasi. Watu 6 walikufa, na 19 walijeruhiwa. Kati ya waliokufa alikuwamo mume wa mama huyu. Kati ya majeruhi alikuwamo mwanawe, aliyepigwa kichwani. Bastola ile haikuibiwa mahali. Ilinunuliwa dukani kwa kufuata sheria. Mwaka 1996, mjumbe wa wilaya yake katika Baraza la Wawakilishi alipiga kura ya kuifuta sheria iliyokataza bunduki za namna ya kijeshi. Ndipo mama McCarthy, ambaye hakuwa mtu wa siasa, alipoamua kushindana naye katika uchaguzi. Akamshinda, akakaa katika Baraza hilo miaka 18.

Tazameni vizuri: mzee huyu na mama huyu walitaka jambo moja, yaani watu wa nyumba yao warudi salama jioni na walale salama usiku. Mmoja aliona kwamba usalama huo utatoka katika bastola iliyo mkononi mwa mwenye nyumba. Mwingine aliona kwamba utatoka katika sheria inayozuia bastola isifike katika mkono mbaya. Hilo ndilo shina la mashindano yote. Watu walio mbali hudhani kwamba upande mmoja wapenda uhai na mwingine wapenda kifo. Wanaodhani hivyo hawajawasikiliza Wamarekani. Katika uchunguzi wa mwaka 2023, watu wazima karibu 3 katika 10 walisema kwamba wana bunduki. Na kati ya wenye bunduki hao, 7 katika 10 walitaja kujilinda kama sababu kubwa.

Sentensi moja ya mwaka 1791

Katika nchi nyingi mtu hupewa na serikali ruhusa ya kuwa na bunduki, na serikali yaweza kumwondolea. Marekani si hivyo, kwa sababu jambo hili limeandikwa katika Katiba yenyewe. Mwezi wa Aprili 1775, askari wa Mfalme wa Uingereza walitoka Boston kwenda Concord kunyang’anya silaha na baruti zilizowekwa akiba na wenyeji. Wakulima wakachukua bunduki zao, wakapigana nao njiani, na hivyo vita vya uhuru vikaanza. Watu waliokumbuka habari hiyo ndio walioongeza katika Katiba vifungu kumi vya haki za raia, vilivyothibitishwa tarehe 15 Desemba 1791. Kifungu cha pili ni sentensi moja tu. Nusu yake ya kwanza yasema kwamba jeshi la wananchi lenye utaratibu mzuri ni la lazima kwa usalama wa nchi huru. Nusu ya pili yasema kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua isivunjwe.

Ninyi wanafunzi mliofundishwa sarufi, mtaiona shida mara moja. Je, nusu ya kwanza yaifunga nusu ya pili? Kama yaifunga, basi haki hiyo ni ya jeshi la wananchi, na leo serikali yaweza kuweka masharti mengi. Kama haiifungi, ila yaeleza sababu moja tu, basi haki ni ya kila mtu nyumbani mwake. Wataalamu waliandika vitabu vingi juu ya sentensi hiyo, na katika mahakama watu wameshindana hata juu ya mahali pa mkato wake.

Mwaka 2008 Mahakama Kuu ilitoa jibu katika shauri la mji wa Washington. Waamuzi 5 kati ya 9 walisema kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, naye aweza kuwa na bastola nyumbani kwa kujilinda. Waamuzi 4 walikataa. Hata hivyo wale 5 waliandika wazi kwamba haki hiyo ina mipaka: wahalifu na wagonjwa wa akili waweza kukatazwa silaha, na silaha zaweza kukatazwa shuleni na katika majengo ya serikali. Mwaka 2010 likaja shauri la mzee McDonald. Kwa kura 5 juu ya 4 mzee alishinda, na tangu siku hiyo majimbo na miji yote imefungwa na haki hiyo. Mwaka 2022 Mahakama iliendelea mbele, ikasema kwamba raia ana haki ya kuchukua bastola hata nje ya nyumba yake. Lakini mwaka 2024 waamuzi 8 kati ya 9 walikubali kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa sababu ni hatari kwa mke au mwenzi wake aweza kunyimwa bunduki. Basi twaona kwamba haki ipo, na mipaka ipo. Ubishi uliobaki ni wapi mpaka upite.

Sheria zilizofuata misiba

Ukizifuata sheria za bunduki za Marekani moja moja, utakuta kwamba karibu kila moja imetanguliwa na jeneza.

Mwaka 1929 wahuni wa Chicago waliwaua wenzao 7 siku ya Mtakatifu Valentino kwa bunduki za rashasha na bunduki nyingine. Mwaka 1934 serikali ikaweka kodi ya dola 200 juu ya bunduki za rashasha, fedha nyingi sana kwa siku zile. Mwaka 1963 Rais John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa Rais wa Marekani, aliuawa mjini Dallas kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta, kama mtu aagizavyo viatu. Sheria haikubadilika mara. Ilipofika mwaka 1968, mchungaji Martin Luther King aliuawa mwezi wa Aprili, na Robert Kennedy, ndugu wa yule Rais, mwezi wa Juni. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule sheria ikakataza kuuzia watu bunduki kwa posta toka jimbo hata jimbo.

Mwaka 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi akapona, lakini msemaji wake James Brady alipigwa kichwani, akabaki mlemavu maisha yake yote. Yeye na mke wake walifanya kazi miaka mingi, hata mwaka 1993 ikapatikana sheria inayoitwa kwa jina lake. Sheria hiyo yamlazimisha mwenye duka la bunduki kuhakikisha kwamba mnunuzi hakukatazwa na sheria. Lakini mtu asiye na duka, akimwuzia jirani yake bunduki moja, katika majimbo mengi halazimiki kuuliza. Mwaka 1994 bunduki nyingi za namna ya kijeshi zilikatazwa kwa miaka 10. Mwaka 2004 katazo likaisha, wala halikurudishwa.

Upande wa pili nao ulijipanga. Chama kikubwa cha wenye bunduki, kiitwacho NRA, kilianzishwa mwaka 1871 na maafisa waliotaka kuwafundisha watu shabaha. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa mashindano ya shabaha na uwindaji. Lakini mwaka 1977, katika mkutano wa Cincinnati, wanachama waliwaondoa viongozi wao, wakawaweka wengine walioazimia kuzipinga sheria za bunduki kwa nguvu zote. Tangu hapo mjumbe wa Baraza huko mashambani alijua kwamba kura moja juu ya bunduki yaweza kumtoa kitini.

Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, waliuawa watoto 20 wa darasa la kwanza pamoja na watu wazima 6. Wengi walifikiri kwamba sasa ubishi utakwisha. Mwezi wa Aprili 2013 sheria ya kuwachunguza wanunuzi zaidi ililetwa katika Seneti. Maseneta 54 waliikubali na 46 waliikataa. Lakini kwa desturi ya baraza lile zilitakiwa kura 60, na sheria ikaanguka.

Kisha ikaja Uvalde, mji mdogo wa Texas wenye Wakatoliki wengi. Tarehe 24 Mei 2022 watoto 19 na walimu 2 waliuawa darasani. Muuaji alikuwa kijana wa miaka 18, aliyenunua bunduki zake kwa kufuata sheria siku chache baada ya kutimiza umri huo. Polisi walifika upesi, lakini walingoja dakika 77 kabla ya kuingia na kumwua. Tukio ni moja, lakini kila upande ulipata fundisho lake. Mmoja ukasema: “Mnaona? Kijana wa namna hii hakupaswa kuuziwa bunduki.” Mwingine ukajibu: “Mnaona? Ukimngojea polisi, watoto wako watakufa.” Nasi twakiri kwamba hoja zote mbili zina uzito. Mwezi uliofuata, maseneta 15 wa chama cha Republican walipiga kura pamoja na wale wa Democratic, ikapita sheria ya kwanza kubwa kwa muda wa karibu miaka 30. Kwa sheria hiyo wanunuzi wasiotimiza miaka 21 huchunguzwa kwa uangalifu zaidi.

Adui aliye ndani

Mpaka hapa tumetaja mwizi, mhuni na mwuaji wa shuleni. Hao ndio wanaotajwa katika hotuba. Lakini hesabu ya serikali ya Marekani yatuonyesha jambo jingine, ambalo pande zote mbili hulinyamazia mara nyingi.

Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa bunduki nchini mle. Kati yao karibu 17,900 waliuawa na wengine. Lakini karibu 27,300, yaani zaidi ya nusu, walijiua wenyewe. Kwa kila mtu aliyeuawa kwa bunduki na mwingine, zaidi ya mmoja alikufa kwa mkono wake mwenyewe, na mara nyingi kwa bunduki iliyokuwamo nyumbani tayari. Wazee wetu walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Madaktari waeleza kwamba mawazo ya kujiua huja mara nyingi kama dhoruba: hupanda kwa ghafula, na baadaye hushuka. Mtu akizuiliwa katika saa ile, au akijaribu na kupona, kwa kawaida hafi baadaye kwa njia hiyo. Lakini bunduki haimpi mtu nafasi ya kujuta. Katika watu 10 wanaojaribu kujiua kwa bunduki, karibu 9 hufa. Kwa hiyo baba aliyenunua bastola ili amzuie mwizi, akaiacha mezani ikiwa na risasi, amefunga mlango wa mbele na kuacha wazi mlango wa chumba cha mwanawe. Tusiwahukumu marehemu hao, ambao Mungu peke yake ajua mateso ya mioyo yao. Bali tuwafikirie walio hai.

Kanisa lafundisha nini?

Wengine huuliza: Mkatoliki wa Marekani asimame upande gani? Katekisimu ya Kanisa Katoliki yasema mambo mawili, na lazima yasomwe pamoja. Katika namba 2265 yafundisha kwamba kujilinda kwa haki kwaweza kuwa wajibu mzito kwa mtu aliyekabidhiwa uhai wa wengine. Mzee McDonald angefurahi kuisoma namba hiyo. Katika namba 2316 yafundisha kwamba utengenezaji na uuzaji wa silaha wahusu manufaa ya watu wote, na kwa hiyo serikali ina haki na wajibu wa kuuwekea taratibu. Mama McCarthy naye angefurahi. Maaskofu wa Marekani, kwa miaka mingi, wameomba sheria za kuwachunguza wanunuzi na kupunguza silaha kali. Hata hivyo waamini wao wamo katika pande zote mbili.

Tarehe 27 Agosti 2025 mashindano haya yaliingia katika Misa yenyewe. Mjini Minneapolis watoto wa shule ya Annunciation walikuwa kanisani, katika juma la kwanza la masomo, mtu alipowapiga risasi kutoka nje kupitia madirishani. Watoto wawili, wa miaka 8 na 10, walikufa, na wengi walijeruhiwa. Baba Mtakatifu Leo XIV, ambaye naye alizaliwa Chicago, aliwaombea hadharani Jumapili iliyofuata, akazifananisha silaha na ugonjwa wa kuambukiza ulioenea duniani.

Mahali wanapokutana

Je, hakuna tumaini? Lipo, nalo halikuzaliwa katika kelele.

Mwezi wa Aprili 2007, katika chuo kikuu cha Virginia Tech, mwanafunzi mmoja aliua watu 32. Ikajulikana kwamba mahakama ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtu huyo ni hatari kwa nafsi yake, lakini jina lake halikupelekwa katika daftari ambalo wauzaji hulitumia kuwachunguza wanunuzi. Sheria ya kumzuia ilikuwapo. Karatasi ndiyo iliyokosekana. Ndipo mama McCarthy, mjane wa yule aliyeuawa katika gari la moshi, alipoandika sheria ya kuyasaidia majimbo yapeleke majina hayo. Na chama cha NRA, adui wake wa miaka yote, kilikubali kuiunga mkono. Rais George W. Bush aliitia sahihi mwezi wa Januari 2008.

Mfano wa pili ni mdogo zaidi, nao twaupenda zaidi. Mwaka 2009, katika jimbo la New Hampshire, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki katika duka moja ndani ya siku chache, na kila mmoja akajiua baada ya saa chache tu. Mwenye duka alihuzunika sana. Wauza bunduki na waalimu wa afya wakakaa pamoja, watu ambao kwa kawaida hawangekunywa hata maji pamoja. Hawakubishana juu ya sentensi ya mwaka 1791. Waliulizana tu: muuzaji atamtambuaje mtu mwenye huzuni kubwa, na atamwambia nini? Wakaandika karatasi za mafundisho na matangazo ya kubandika ukutani, na karibu nusu ya maduka ya bunduki ya jimbo lile yakayapokea. Neno lao kwa jamaa ni hili: ukimwona mtu wa nyumba yako ameelemewa na huzuni, ipeleke bunduki mbali naye mpaka dhoruba ipite, kama vile unavyoshika ufunguo wa gari la rafiki aliyelewa.

Haya ndiyo maoni yetu. Haki ya baba kuilinda nyumba yake ni haki ya kweli, wala asidharauliwe anayeitetea. Lakini haki hiyo imetolewa kwa ajili ya watu walio ndani ya nyumba. Ikiwa bunduki yenyewe yawatishia hao, basi kuifunga kwa kufuli, kuingoja siku chache dukani, au kuikabidhi kwa ndugu kwa muda si kuivunja haki, bali ni kuitimiza. Na serikali inayotaka masharti hayo haimfanyi raia kuwa mtumwa.

Ninyi wazazi mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu hamna bunduki, nanyi mmezika watu wengi kwa bunduki za wengine. Lakini huzuni ya kijana haina nchi. Kabla ya kukagua makomeo usiku huu, mtazameni kwanza yule aliyekaa kimya mezani siku ya tatu sasa, mkae karibu naye, mmwulize habari zake.